Dakika Moja ya Siki

Mama wa Ganze, kaunti ya Kilifi, anayempeleka mtoto kliniki huwa ametoa siku nzima. Kuna mwendo wa kutoka kijijini au nauli ya bodaboda, kuna foleni, na jioni bado maji hayajatekwa. Ukimwambia arudi wiki ijayo apimwe mlango wa kizazi, ilhali haumwi popote, harudi.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi haiumi mwanzoni. Huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyowapata watu wengi mno, waume kwa wake. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Vikikaa, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kujitokeza. Kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, muda huo ni mfupi zaidi. Damu ikianza kutoka baada ya tendo la ndoa, huenda ugonjwa umeshasonga mbele. Mwaka 2022 saratani hii ilikadiriwa kuwaua zaidi ya wanawake 3,500 nchini Kenya.

Chanjo ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Mama zao hawakuipata.

Kwao kuna kipimo. Mama hulala chali, magoti juu, amejifunika leso. Muuguzi hufungua uke kwa kifaa maalumu, hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha humulika. Chembe zilizobadilika hugeuka nyeupe. Majibu hayangoji maabara. Doa jeupe si lazima liwe saratani, na likiwa dogo huweza kuchomwa kwa joto papo hapo, bila upasuaji wala kulazwa. Pale ambapo safari ya pili haina uhakika, tiba ya siku hiyohiyo ndiyo inayookoa. Kumwandikia mama barua aende Kilifi mjini ni kumwongezea nauli asiyokuwa nayo.

Wanaoona haya kupimwa, hasa na muuguzi wa kiume, wana njia nyingine: kipimo cha HPV, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na virusi vya ukimwi huanza akiwa na miaka 25, na hurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5.