Oksaidi za Metali Dhidi ya Bakteria na Saratani

Metali ikiungana na oksijeni huzaa oksaidi. Kutu ya jembe ni oksaidi ya chuma. Losheni ya kalamini inayopakwa kwenye vipele ina oksaidi ya zinki, na rangi yake ya waridi hutokana na oksaidi kidogo ya chuma. Sasa watafiti wanazisaga au kuzitengeneza oksaidi hizi zikiwa ndogo kupindukia, kwa shabaha mbili: kuua bakteria na kushambulia saratani.

Chembe hizo huitwa chembe nano. Upana wake ni nanomita 1 hadi 100, ilhali bakteria wa majipu ana nanomita zipatazo 1,000. Udogo huo ndio nguvu yake. Mchemraba wa sentimita moja una eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Ukigawanywa kuwa vichemraba vya nanomita 10, eneo hilo hufikia mita 600 za mraba. Eneo likiongezeka, nafasi ya kugusana na vijidudu nayo huongezeka.

Chembe za oksaidi ya zinki au ya shaba hushambulia bakteria kwa njia kadhaa kwa pamoja. Hung'ang'ania ukuta wake na kuutoboa, huachia ayoni zinazovuruga protini zake, na huzalisha oksijeni kali inayoharibu DNA. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja tu ya bakteria, kwa hiyo usugu hujitokeza upesi. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani. Hata hivyo, bakteria wanaweza kuzizoea metali pia.

Oksaidi ya titani huua bakteria ikipata mwanga wa jua, na jua ni jambo ambalo kaunti ya Turkana nchini Kenya haikosi. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Kajiado, pia nchini Kenya: watoto wa Kimaasai waliokunywa maji yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki waliharisha kidogo kuliko wenzao. Maabara zimeonyesha kwamba oksaidi ya titani huharakisha kazi hiyo ya jua. Kwa miji kama Lokori, iliyo kando ya mto Kerio, matumizi haya yana maana kubwa, ila maji yenye tope lazima yachujwe kwanza, maana tope huzuia mwanga.

Upande wa saratani, oksaidi ya chuma hudungwa ndani ya uvimbe, kisha uga wa sumaku unaobadilika-badilika huipasha moto na kudhoofisha seli zake. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo kwa uvimbe wa ubongo mwaka 2010. Mwaka 2019 ikaidhinisha oksaidi ya hafni, inayozidisha makali ya mionzi ndani ya uvimbe wa tishu laini.

Kikwazo kikubwa ni kuufikia uvimbe kupitia damu. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliopitia tafiti nyingi, hasa za panya, ulikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa kwenye damu ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingine huishia kwenye ini na bandama. Isitoshe, kinachoua seli ya saratani chaweza kuua seli zenye afya pia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku oksaidi ya titani katika chakula kwa sababu usalama wake haukuweza kuthibitishwa.

Kuua seli katika kisahani cha maabara, basi, si sawa na kumponya mgonjwa. Anayeuziwa unga au matone ya "nano" yanayodaiwa kutibu saratani asiyanunue. Mwenye uvimbe usioisha au kidonda kisichopona aende hospitali mapema, na aliyepewa antibiotiki azitumie kama alivyoelekezwa. Hadi leo hakuna chembe nano inayochukua nafasi ya hatua hizo.