Umeme na Data Ndani ya Deraya Moja

Viwanja vingi vya Ilboru, Njiro na Usa River, mkoani Arusha, ni virefu, na geti hukaa mbali na nyumba. Huko getini mwenye nyumba anataka taa, mota ya geti, kengele na kamera. Fundi amekwisha kuchimba mtaro na kulaza kebo ya ardhini, ile yenye deraya ya nyaya za chuma, inayostahimili jembe na meno ya fuko. Ndani ina nyaya nne, na si zote zinazohitajika kwa umeme. Kwa nini zilizobaki zisibebe data?

Wengi huogopa usumbufu wa mawimbi, na upo kweli. Umeme wetu wa volti 230 hupita mizunguko 50 kila sekunde, na sumaku yake huchochea volti ndogo katika waya jirani. Deraya haisaidii hapo, maana msumbufu yumo ndani. Kebo ya mtandao hujitetea kwa kusokotwa jozi jozi: usumbufu unaoupata waya mmoja humpata na pacha wake kwa kiasi karibu kilekile, na kifaa kinachosoma tofauti kati yao huona usumbufu umejifuta. Nyaya za kebo ya umeme hazina jozi za namna hiyo. Kengele inaweza kulia vizuri tu. Picha za kamera zitakatika.

Lakini picha kukatika hakuui mtu. La kuogopwa zaidi ni kihami. Kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, BS 7671, zinataka waya wa volti ndogo unaolala pamoja na wa volti kubwa uwe na kihami kinachostahimili volti hiyo kubwa, la sivyo utengwe. Ndiyo sababu huko zinauzwa kebo za kuchajia magari zenye umeme na data pamoja, zilizoundwa makusudi kwa sharti hilo. Nyaya zako za akiba zinalitimiza njia nzima. Shida iko mwishoni, zinapoungwa kwenye kengele isiyo na kihami cha namna hiyo, ambayo mgeni ataibonyeza kwa kidole chenye maji ya mvua.

Halafu kuna radi, na wakazi wa chini ya Mlima Meru wanazijua za masika. Radi ikipiga karibu, ardhi ya getini na ya nyumbani hupishana volti kwa nukta moja, na shaba yoyote inayoziunganisha huwa njia ya mkato. Ruta na kamera ndizo hulipa.

Faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data, haina habari na hayo yote. Kioo hakipitishi umeme wala hakichochewi na sumaku. Sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, hupita juu ya minara ya TANESCO, ndani ya waya wa ethi wenyewe: metali nje, vioo katikati. Waya huo hupokea radi na kuishusha ardhini huku data ikiendelea kupita. Chini yake, mita chache tu, nyaya za njia kama ile ya Singida–Babati–Arusha hubeba volti 220,000.

Kwa hiyo kabla mtaro haujafukiwa, mwambie fundi aziache nyaya za akiba na alaze faiba kwenye bomba lake.