Si Kila Hesabu Iliyopanda Ni Hatari

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini si kila mstari ukutani ni ufa. Leo tuzungumzie namna ya kuutambua ufa pale tunapohesabu kasoro, na mfano wetu uwe mahindi, zao ambalo mkazi wa Babati analijua tangu shambani hadi mezani.

Mwaka 2016 watu 20 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kiteto ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kwa hiyo mwenye ghala au mashine ya kusaga ana sababu nzuri ya kuhesabu punje zenye ukungu. Lakini akishahesabu, atajuaje kwamba hali imebadilika?

Mwaka 1924 Walter Shewhart, mfanyakazi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani, alipendekeza chati rahisi: mstari wa wastani katikati, kikomo juu na kikomo chini. Alama zikibaki ndani, huko ni kupanda na kushuka kwa kawaida; usimkaripie mtu. Moja ikitoka nje, tafuta sababu. Hata hivyo, chati hizi ni za aina kadhaa, na kinachoamua uchague ipi ni kile unachohesabu.

Tuseme kila siku unachota kilo moja na kuhesabu punje mbovu, na wastani ni 9. Kwa hesabu ya namna hii, kipimo cha mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha wastani, yaani 3. Zidisha mara tatu, jumlisha na wastani: kikomo cha juu ni 18. Siku ukipata punje 14, tulia. Ukipata 20, simamisha kazi uchunguze. Ila kipimo kisibadilike: leo kilo moja na kesho kilo tatu, lazima ugawe upate kasoro kwa kila kilo, na vikomo vifuate ukubwa wa sampuli.

Ukihesabu magunia yanayokataliwa, chati ni nyingine, kwa kuwa gunia ama linafaa ama halifai. Tuseme kwa kawaida 4 katika kila 100 hukataliwa. Shehena ya magunia 100 ikikataliwa 8, bado ni kawaida, kwani kikomo ni karibu 10. Lakini shehena ya magunia 400 ikikataliwa 32, hiyo ni hatari. Kikomo chake ni karibu 28. Asilimia ni ileile 8, hukumu ni mbili tofauti. Sampuli kubwa haina kisingizio cha bahati.

Na tukio likiwa la nadra, kama mgonjwa wa sumukuvu, kuhesabu kila mwezi kutakupa sifuri nyingi zisizosema kitu. Hapo hesabu siku zinazopita kati ya tukio moja na jingine. Zikianza kupungua ghafla, hali imebadilika. Lakini mgonjwa hata mmoja hangoji chati. Apelekwe hospitali mara moja.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Ukungu huambukiza punje jirani, hivyo kasoro huja kwa mafungu, na kanuni ya kipeuo inaweza kupiga kelele bure. Chota sehemu nyingi za shehena, uchanganye, ndipo uhesabu. La pili ni zito zaidi: chati husema hali imebadilika au haijabadilika, haisemi kwamba chakula ni salama. Sumukuvu haionekani kwa macho, na mahindi yanaweza kuwa mabaya kwa wastani uleule mwaka mzima. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo, na hizo hupimwa maabara.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla ya kumlaumu mfanyakazi au kumsifu, jiulize kwanza: ninahesabu nini, na kati ya vingapi?