Risasi kubwa, au risasi iliyofika?
Unadhani risasi nene ndiyo humwangusha mtu? Ngoja kwanza. Aprili 1986, mjini Miami, Marekani, risasi ya milimita 9 ilipita mkononi mwa jambazi Michael Platt, ikaingia kifuani na kuishia karibu kabisa na moyo. Jamaa akaendelea kupigana, akaua maafisa wawili wa FBI. FBI wakailaumu risasi, wakahamia nene zaidi. Miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9!

Sababu? Risasi ya .45 inaizidi kwa kama milimita 2 na nusu tu. Tena, hata moyo ukipasuka, ubongo hubaki na oksijeni ya sekunde 10 hivi: muda tosha wa kufyatua tena. Na bastola ya milimita 9 hairuki sana mkononi, hivyo wengi hulenga vizuri zaidi.