Faini ya Dubai ilivyotaka kumeza kihamba Kibosho

Wiki hii sina habari za disko wala za mapenzi. Nina habari za wazamiaji. Usidhani nasema wale wa zamani waliojificha kwenye meli pale Dar. Wa siku hizi wanapanda ndege KIA mchana kweupe, mkononi wana visa halali ya utalii ya Dubai, siku 30 au 60, na ndugu wamekuja kuwasindikiza na kupiga picha. Kuzamia kunaanza siku ile visa inakwisha na mtu hajaondoka.

Kuna dada mmoja wa Kibosho, jina namhifadhia, aliyekuwa anauza mitumba Kiboroloni. Mwishoni mwa 2023 alichoka kupigwa na jua, akamlipa wakala mmoja wa mtaani aliyemwambia, "Nenda na visa ya kutembea, kazi utaikuta huko huko." Kazi aliipata kweli, kufua na kupika kwenye nyumba ya watu. Karatasi za kazi je? Wapi! Mwanzoni mwa Januari 2024 visa ikaisha. Bosi akasema subiri, naye akasubiri.

Faini haikusubiri. Kule Falme za Kiarabu ni dirham 50 kwa kila siku unayozidisha. Hiyo ni kama dola 13 na nusu, yaani elfu 30 na kitu za kwetu kila kunapokucha, uwe umekula au hukula. Mwezi mmoja ni dirham 1,500. Zamani visa ikiisha ulikuwa na siku 10 za kujipanga bila faini, zikaondolewa 2023. Lakini nenda kijiweni Majengo uwasikilize wataalamu, bado wanazihesabu!

Basi bwana, Agosti inakwisha, deni la yule dada lilikuwa linakaribia dirham 12,000. Zaidi ya shilingi milioni 8. Nikapanda gari la Kibosho kwenda kumwona baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo."

Mzee alininyooshea kidole upande wa chini wa kihamba, kwenye mibuni ya babu yake, akasema mteja ameshapatikana. Wewe uliyezoea viwanja vya mjini huenda usielewe uzito wake. Kwenye kihamba ndiko walikozikwa wazee. Mchagga akikiuza, hata kipande, ukoo mzima unakaa kikao.

"Sasa nifanyeje?" aliniuliza. "Mtoto ni damu yangu."

Kilichomwokoa ni msamaha. Serikali ya kule ilitangaza kuwa kuanzia Septemba 1, 2024, kwa miezi miwili, aliyezidisha muda ajitokeze, afutiwe faini yote na aondoke bila kupigwa marufuku ya kurudi. Baadaye wakasogeza hadi Desemba 31. Ukishapewa kibali cha kutoka, unafunga begi. Pasipoti ya dada ilikuwa kwa bosi, akaenda ubalozi wetu mdogo pale Dubai kuomba hati ya dharura ya kusafiria. Kuna kijana alimtaka dirham 2,000 "amshughulikie" huo msamaha. Kitu cha bure! Alikataa, na hapo nampa heko.

Ila msamaha hauna ratiba. Ulitolewa mwingine 2018, na hakuna wa kukuhakikishia ujao utakuwa lini. Tena Agosti 2024 kule walipandisha adhabu ya mwajiri anayemweka mtu asiye na kibali, sasa inaanzia dirham 100,000 hadi milioni moja. Bosi wa namna hiyo akisikia hodi, wewe ndiye utakayetolewa mlango wa nyuma.

Wengine watasema bora Sauzi, Mtanzania anaingia bila visa kwa siku 90. Ni kweli, na tangu 2014 Sauzi hawakutozi faini ya kuzidisha. Wanakufungia mlango: ukizidisha siku zisizofika 30, mwaka mzima hurudi, ukipita 30, miaka mitano. Mimi naona afadhali hata faini, maana hiyo huisha ukilipa.

Kama una ndugu kule sasa hivi, mwambie afungue visa aangalie tarehe leo hii. Ikiwa haijafika, muda unaongezwa kwa kulipia, na bei hiyo ni rahisi kuliko faini. Ikiwa imepita, faini inaweza kulipwa siku ya kuondoka, na kila siku anayoogopa kujitokeza ni dirham 50 nyingine.

Yule dada amerudi Kiboroloni kwenye mitumba yake, na kihamba hakikuguswa. Wakala naye yupo. Juzi nimemkuta karibu na stendi akimwonyesha binti mmoja picha za maghorofa kwenye simu.