Kumsaka Mtunzi wa Bwana Msa

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo. Alikuwa ameisoma maktabani akicheka peke yake hadi akafukuzwa. Alitaka "kingine cha huyu huyu." Ilinichukua muhula mzima kumpa jibu.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Mtunzi ni Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka wa 1918 na kufariki 1991. Utamkuta pia kama Muhammad au Mohamed, Abdulla au Abdullah. Tena Zanzibar imetupa Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Utengano, na Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Kiu na Nyota ya Rehema. Nimesahihisha insha ambamo watatu hawa wamekuwa mtu mmoja (na si wanafunzi pekee wanaowachanganya). Anayechukua Utengano akitarajia kicheko atasononeka.

Ndiyo maana napendekeza msako uanze na mhusika. Ukimwona Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, mvutaji kiko, akiandamana na Najum, umempata Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa 1960. Kisima cha Giningi ilifuata 1968, mwaka ambao mtunzi alistaafu uhariri wa gazeti la Mkulima. Kisha zikaja Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Hizi za miaka ya sabini zilitolewa hapa Nairobi na East African Publishing House, kampuni isiyokuwepo tena, kwa hivyo msako wangu uliishia kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu na kwa mwalimu mmoja mstaafu anayeazima kitabu kimoja kimoja, kwa masharti.

Je, taabu hii ina faida gani darasani? Wanafunzi wetu hufafanua ucheshi kwa kuchomoa sentensi moja na kuibandika jina la mbinu. Ucheshi wa Abdulla hauchomoleki hivyo. Bwana Msa hujua jambo akalinyamazia. Najum hukisia kwa sauti, nasi twamcheka, kumbe tumekosea pamoja naye. Katika riwaya ya kwanza kimya hicho chaweza kuonekana kuwa hila ya kuchelewesha ufumbuzi tu. Ukifika riwaya ya tatu unaanza kutabasamu mara Msa anapokishika kiko, kwa sababu sasa unamfahamu kama unavyomfahamu mjomba mwenye vituko. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes, na ni haki, lakini ulinganisho huo unaeleza upelelezi pekee. Kicheko chatoka kwenye mazungumzo ya barazani, katika Kiunguja kilichojaa mizaha na misemo.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba riwaya za upelelezi ni burudani, zisiibe wakati wa vitabu vya mtihani. Sikubaliani nao. Mwanafunzi aliyekwisha kumcheka Najum huelewa msimulizi anayeficha habari bila kuchorewa jedwali ubaoni.

Kijana wangu amemaliza Kisima cha Giningi na kuirudisha ikiwa imefungwa vizuri kwa gazeti, maana ndiyo mojawapo ya masharti. Sasa anaulizia Siri ya Sifuri, nami ninangoja mzee yule arudi kutoka shambani.