Likizo Ukerewe: Kisiwa Kimoja, Vituo Vitatu

Ukiwa Geita au Shinyanga na una siku chache za likizo, Kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, si mbali. Wa Geita sasa huvuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2025, hadi Mwanza. Huko sote tunapanda meli ya Nansio.

Nansio ni makao makuu ya wilaya. Hapa kuna soko, nyumba za wageni, sato wa kuchoma na magari ya kwenda kwingine.

Kituo cha pili ni Kagunguli, alikoishi mwandishi Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Ilichapwa baadaye kwa Kiswahili, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kuishika mkononi. Tunaolalamikia insha za muhula tuna la kujifunza.

Kaskazini ni Bugolora, penye kivuko cha kwenda kisiwa jirani cha Ukara. Wengi huenda kuona jiwe linalocheza. Lakini karibu na gati la Bwisya, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa na watu wengi kuliko 101 iliyoruhusiwa kubeba. Walikufa zaidi ya 220, wengi wakirudi kutoka gulioni.

Basi, kabla ya jiwe, simama makaburini Bwisya uwaombee. Maji tunayoyaendea kupumzika, kwao yalikuwa njia ya nyumbani. Na kivuko kikijaa, subiri kingine.